Maboksi Hayatoshi

Jumatatu, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, Orville Pruitt, fundi sauti wa Banda la Nne katika studio ya Larkmont, aliweka kando mkate wake wa yai, akavaa visikilizio, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Kimya cha chumba, jamani."

Watu wote wakaganda walipo. Mama wa poda akabaki na kifuto hewani. Seremala akabaki na misumari midomoni. Vahan Terzian, nyota wa filamu ile, alikuwa amevua kiatu kimoja, akasimama hivyo hivyo kama korongo. Ndiyo desturi ya Hollywood: kila chumba kina kimya chake, hakifanani na cha chumba kingine, na onyesho likishapigwa lazima fundi akirekodi kidogo akiweke, kama fundi cherehani anavyoweka akiba ya kitambaa kilekile kwa ajili ya viraka. Wakati huo hata mwenye studio hakohoi.

Orville akasikiliza. Kisha akavua visikilizio, akauchukua mkate wake.

"Chuy kaingia," alisema. "Turudie."

Wakarudia. Chuy akaingia tena. Safari hii alisikika hata bila visikilizio, sauti ya mtu mtulivu anayeomba kuongezewa sukari: "Maboksi hayatoshi."

Chuy Armenta alizikwa Jumamosi iliyotangulia, huko Boyle Heights, na nusu ya watu waliosimama pale walikuwa wametupa udongo. Mwongozaji akatazama saa, akasema basi, tukale.

Vahan hakwenda kula. Alikaa sakafuni na kiatu mkononi, akiangalia mahali ilipotokea sauti, na hasira yake ikapanda taratibu kama maziwa jikoni.

Chuy alikuwa mwangukaji wake. Kwenye filamu, Vahan alipopigwa risasi juu ya paa, aliyeanguka ni Chuy. Vahan alipotupwa nje ya treni, aliyebiringika ni Chuy. Walivaa shati moja, nywele zao zilichanwa upande mmoja, na binti wa kwanza wa Chuy alibatizwa mikononi mwa Vahan, kwa hiyo waliitana kompadre hata wakitukanana.

Siku aliyokufa, kazi ilikuwa kuanguka kutoka mnara wa saa. Waangukaji huangukia maboksi matupu ya karatasi ngumu, yaliyopangwa safu juu ya safu. Boksi hupasuka, hewa hutoka, mtu hupokewa. Chuy alichungulia toka juu, akasema, "Maboksi hayatoshi. Ongezeni safu mbili." Mtayarishaji, Bwana Lyle Haverstock, alikuwa chini kwenye kiti chake cha turubai. Maboksi mengine yalikuwa ghalani, ng'ambo ya uwanja. "Yanatosha," akajibu. "Jua linaondoka."

Vahan alikuwa ndani akipakwa damu ya bandia, maana picha ya pili ilikuwa yeye kulala chini kama ndiye aliyeanguka. Aliposikia kishindo alitoka mbio. Muuguzi wa studio akamkimbilia Vahan, akampita Chuy, kwa sababu damu ya Vahan ndiyo iliyong'aa zaidi.

Asubuhi yake magazeti yaliandika kwamba mwangukaji alikuwa amelewa. Habari ilitoka ofisi ya matangazo ya Larkmont. Chuy alikuwa na vidonda vya tumbo. Kinywaji chake kikali kilikuwa maziwa ya baridi.

"Wameniletea maua makubwa kuliko mlango," mjane wake, Socorro, alimwambia Vahan jikoni kwake. "Imebidi wayapitishe dirishani. Mimi sitaki maua, kompadre. Wanangu wanaitwa watoto wa mlevi shuleni. Nataka walifute neno lile, basi."

"Watalifuta," alisema Vahan.

"Usivunje kitu."

"Sivunji."

"Mara ya mwisho ulisema hivyo ukavunja lango."

Kweli lango alilivunja, kwa trekta. Vahan alitoka Fresno, kwenye zabibu, mtoto wa Waarmenia waliokimbia mauaji kwao, na studio ilimwita Van Terry kwa kuwa jina lake halikuenea vizuri kwenye bango. Tangu siku hiyo hakutulia. Alitumbukiza nywele za bandia za mwenye studio kwenye supu. Alimng'ata begani mwandishi mmoja wa umbea. Alifungiwa kazi mara tatu, na kila alipofunguliwa alikuta tiketi zake zinauzwa zaidi. Hapo ndipo walipomweza. Kwenye mabango yake waliandika SIMBA ASIYEFUGIKA, na ndani ya mkataba wake palikuwa na kifungu kinachosema hasira zote atakazofanya hadharani ni mali ya Larkmont.

Kwa hiyo alipowaita waandishi mbele ya lango jipya, akawaambia kwa mapana kwamba Chuy hakulewa, kwamba Haverstock ndiye aliyekataa maboksi, waliandika kila kitu isipokuwa hicho. Kesho yake kichwa cha habari kilisema: SIMBA ANGURUMA TENA. Chini yake palikuwa na picha yake akiwa amefumbua mdomo, na tangazo la filamu.

Chuy naye hakunyamaza. Kila Orville alipoomba kimya cha chumba, alisema maneno yake. Wakahamia Banda la Saba, akawatangulia. Mwanasheria wa studio alifika na mkoba, akasimama katikati ya banda, akatangaza hewani kwamba ajira ya Bwana Armenta ilikoma alipotua, na kuwepo kwake kazini ni kuingia pasipo ruhusa. Chuy akamngoja amalize. "Maboksi hayatoshi," akasema.

Kikaja chama cha waigizaji. Mjumbe wao, mama mfupi mwenye kofia ya manyoya, alisikiliza mara mbili, akahesabu kwa vidole.

"Huyu anasema maneno," alisema. "Anayesema maneno si mwangukaji, ni mwigizaji. Mwigizaji ana haki ya kiti."

Wakampa kiti cha turubai chenye jina lake mgongoni. Jina lilikosewa, waliandika ARMENTO. Hakuna aliyekikalia, lakini jioni kitambaa chake kilikuwa kimebonyea.

Haverstock aliamuru Orville atumie kimya cha zamani kutoka stoo. Orville akafungua kimya cha mwaka juzi, cha siku ambayo Chuy alikuwa hai na yuko nyumbani kwake akipaka rangi uzio. Chuy alikuwamo. Akafungua kimya cha kabla ya vita, kilichorekodiwa na fundi mwingine. Mle Chuy alikohoa kwanza, kama mgeni anayebisha hodi, kisha akasema.

"Stoo nzima imeharibika," alisema Haverstock.

"Haijaharibika, bosi," alisema Orville. "Ina mtu."

Vahan alimfuata Orville kwenye chumba chake cha kuunganishia sauti, chumba kisicho na dirisha, kinachonuka kahawa iliyoungua.

"Utafanyaje kule kwenye onyesho la makaburini?" aliuliza. Lilikuwa onyesho refu, yeye peke yake kaburini kwa kaka yake wa filamuni, bila neno wala muziki.

"Nimeambiwa nimkate Chuy, silabi kwa silabi."

"Na ukisahau?"

Orville akamtazama. "Nina miaka mingi kazini, Van. Sijawahi kusahau."

"Basi unastahili kusahau mara moja."

Orville akacheka kidogo, akageukia mashine yake.

Siku hizo filamu haikutoka kabla ya kujaribiwa mbele ya watu wa kawaida, nao hupewa kadi waandike maoni. Larkmont ilipeleka filamu Pasadena, Jumapili alasiri. Vahan alimpeleka Socorro, akamkalisha safu ya kati. Alikuja na gauni la msibani na mfuko wa karanga. Haverstock alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama wafanyavyo wenye mali yao.

Onyesho la makaburi likafika. Pazia la sinema likajaa uso wa Vahan, na ukumbi ukanyamaza, kimya kile chenyewe cha Banda la Nne. Kisha Chuy akasema. Siku hiyo hakuishia pale alipozoea.

"Maboksi hayatoshi, Bwana Haverstock. Ongeza safu mbili, yapo ghalani. Mimi sijanywa kitu. Socorro anajua."

Socorro akaacha kutafuna. "Najua," alijibu, kwa sauti ya kawaida, kama vile mumewe ameulizia funguo.

Vahan akainuka kwenye giza. "Mmesikia," aliwaambia watu. "Mmemsikia wenyewe. Jina lake Jesús Armenta, Chuy kwa rafiki zake. Hakuwa mlevi. Aliomba maboksi akanyimwa, na aliyemnyima yule pale mlangoni."

Watu mia kadhaa wakageuka kumtazama Vahan, kisha pazia, kisha Vahan tena, wakubwa kwa wadogo. Halafu wakapiga makofi. Walipiga makofi ya dhati, wakiwa wamesimama, na mzee mmoja akafuta machozi kwa kofia. Walikuwa hawajapata kuona filamu inayotoka kwenye pazia hadi kwenye viti.

Kadi zikakusanywa. Karibu zote zilisifu sauti ya mtu asiyeonekana. Kadi moja iliuliza kama safu mbili zingetosha kweli, lakini mwandiko wake haukusomeka vizuri, ikawekwa kando.

Nje, chini ya taa za mlango, Haverstock alimfuata Socorro, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa mekundu kwa furaha.

"Mama, marehemu ana sauti ya dhahabu."

"Ana maneno pia, bwana. Umeyasikia?"

"Kila neno."

"Basi lifute lile moja. La ulevi."

Haverstock akafikiri kwa moyo mweupe kabisa. "Ah, hilo," alisema. "Hilo liko idara nyingine."

Vahan akampiga. Ilikuwa ngumi ya Fresno, ya mtu aliyebeba masanduku ya zabibu tangu utotoni. Haverstock aliruka nyumanyuma, akaupita mlango, akaangukia maboksi matupu ya bisi yaliyorundikwa yakingoja gari la taka. Yalikuwa mengi, safu juu ya safu. Akatua kama yai kwenye pamba. Hakuchubuka hata kidole.

"Hayo yametosha," alisema Socorro. Akamfungia Vahan kitambaa chake mkononi, maana kifundo kilipasuka. "Ulisema huvunji kitu."

"Sikuvunja kitu, komadre. Hilo ndilo linaloniuma."

Picha ya ngumi ilitoka kwenye magazeti yote. SIMBA AMTAFUNA BWANA WAKE. Filamu ilijaza majumba hadi Krismasi. Kuhusu ulevi hapakuandikwa lolote; idara ile nyingine ilijibu barua ya Socorro kwa kumtumia maua, madogo kidogo, yaliyopita mlangoni.

Wahenga walisema kufa kufaana. Larkmont ilimweka Chuy katika kila filamu yake, ya vita, ya farasi, ya mapenzi. Katika filamu za watoto walimpunguza sauti. Socorro aliwapeleka wanawe sinema kila Jumapili, wakakaa mbele. Filamu ilipofika mahali pa kimya, mdogo wao alisema "Shikamoo, baba," na watu wa nyuma wakamwambia anyamaze.

Vahan alizeeka humo humo, maana kila mwaka aliofungiwa kazi uliongezwa mwisho wa mkataba, na alikuwa amefungiwa miaka mingi kuliko aliyofanya kazi. Nywele zikawa nyeupe, wakampa sehemu za babu. Kwenye bango bado aliandikwa Simba.

Binamu zake wa Fresno walimtumia maboksi ya zabibu kavu, matupu. Kila palipokuwa na kazi ya kuanguka aliyafunga kwenye paa la gari, akaja nayo langoni. Walinzi walimpenda. Wengine walikua wakimwona.

"Mzee Van," walisema, "tunakuomba. Maboksi hayaingii, unajipa usumbufu wa bure." Wakamteremshia yote, wakayapanga vizuri kando ya barabara ili ayakute akitoka.

Siku moja ya Februari aliingia na mawili aliyoyaficha chini ya koti. Juu ya jengo la bandia alisimama mwangukaji mpya, kijana wa Oklahoma aitwaye Dewey Strayhorn, shati lake ni lile lile la nyota wa filamu. Alichungulia chini, akatabasamu, akaweka mkono kifuani.

"Maboksi hayatoshi," alisema, kama wasemavyo waangukaji wote wa mji ule kabla ya kuruka, maana neno hilo lina bahati.

"Yanatosha, jua linaondoka," wakaitikia wote waliokuwa chini, mama wa poda, seremala, mwongozaji, wakicheka. Hawakumwitikia kwa ubaya. Wengi hawakujua neno lile lilianzia wapi.

Vahan hakuitikia. Alikuwa anavuka uwanja na maboksi yake mawili, kwa hatua fupi fupi za kizee. Mlinzi akamwahi katikati, akamshika kiwiko kwa adabu, akayachukua.

Kijana akaruka. Kishindo kikasikika, watu wakatazamana, kisha mkono wa Dewey ukainuka toka ndani ya maboksi, umepinda mahali ambapo mikono haipindi, lakini umeinuka. Wakapiga makofi. Wakamwinua, wakampeleka.

"Haya," alisema fundi sauti mpya, msichana aliyerithi visikilizio vya Orville. "Kimya cha chumba, jamani."

Wote wakaganda walipo. Mlinzi akaganda na maboksi mawili kwapani. Vahan akasimama na mdomo wazi, akijaribu kutoa ngurumo moja ambayo haikuwa ya mtu mwingine, na desturi ya miaka yote ikamzidi nguvu. Juu ya vichwa vyao Chuy akasema maneno yake, polepole, moja moja, kama mtu anayemweleza mtoto.

Msichana akavua visikilizio, akainua kidole gumba.

"Safi," alisema. "Leo kayasema vizuri."