Trei Iliyokosa Moto wa Pili

Kwa miaka tisa hakuna springi iliyotoka katika karakana ya mjomba wake bila kupita mikononi mwa mwanamke huyu, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wa tanuri. Waya ulikunjwa ukiwa laini, ukatiwa motoni hadi ukaiva mwekundu, kisha ukazimwa kwenye mafuta. Hapo ndipo wageni wa kazi hudanganyika. Chuma kikitoka kwenye mafuta huwa kigumu mno, lakini ugumu si nguvu. Ukikilazimisha kupinda, kinavunjika kama kigae. Sharti kirudi tanurini kwa moto mdogo, saa nzima, mpaka kikubali kupinda na kurudi.

Jumatatu hiyo ndiyo kwanza alikuwa ametoa trei moja kwenye mafuta aliposikia simu. Bintiye alikuwa ameanguka shuleni na kuvunjika mkono. Akaiacha trei mezani akatoka mbio, hata aproni hakuvua.

Alirudi kazini Alhamisi. Mezani ilikuwa imebaki springi moja. Akaibana kwenye jiliwa kuijaribu, nayo ikakatika pa! Akakisugua kipande kwa tupa. Tupa ikateleza kama iko juu ya kioo. Basi hazikurudishwa tanurini. Alipomuuliza mfungaji wa mizigo, huyo alimjibu bila wasiwasi kwamba alizikuta zimepoa, akazifuta, akazifunga. Nne zilikwenda kiwanda cha unga, kwenye breki ya lifti ya mizigo. Sita alizinunua mtu mpita njia.

Mwendesha lifti ile alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

Alimweleza mjomba yote, bila kujitetea. Mjomba, ambaye mafundi walimwita Koleo kwa sababu alichoshika hakuachia, alisikiliza huku akitazama mlango.

"Springi haina mdomo," alisema. "Ikikatika, watasema chuma kibaya. Wewe ukienda kusema, wateja wote watatukimbia."

"Mjomba, mimi ndiye niliyeziacha. Nikinyamaza na mtu akafa, nitakula nini kikapita kooni?"

Hakungoja ruhusa. Alipofika kiwandani, lifti ilikuwa ghorofa ya tatu na magunia tele. Shemeji yake alipomwona chini alianza utani kama kawaida, akamuuliza kama amemchoka kaka mtu, sasa anatafuta bwana mwingine. Hakucheka. Akamwambia aishushe lifti polepole, atoke, asiingie tena. Yule kijana akaisikia sauti yake, utani ukamkauka mdomoni, akaishusha.

Msimamizi alilalamika kwamba anasimamishiwa kazi kwa hofu za wanawake. Hata hivyo fundi wa kiwanda alifungua breki. Springi mbili zilionekana nzima. Ya tatu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ya nne ilikatikia mkononi mwake alipokuwa akiitoa. Msimamizi alikaa juu ya gunia.

Kiwanda kilivunja mkataba siku hiyohiyo. Mjomba alimnyang'anya ufunguo wa tanuri mbele ya mafundi wote, akamweka kwenye kukunja waya pamoja na wanagenzi, na tangu hapo humwagiza kupitia watu wengine. Mama yake naye alimtetea kakaye: mwenye nyumba hatoi siri za nyumba. Mumewe tu ndiye aliyesema amefanya vizuri, tena mara moja tu, kitandani, kisha akageukia ukuta. Shemeji yake bado anaendesha lifti, lakini hamtanii tena. Humwamkia kwa heshima, na heshima hiyo inamuuma kuliko matusi.

Zile sita hazijapatikana. Mfungaji wa mizigo anakumbuka tu kwamba mnunuzi alikuwa mrefu, na alisema ni za kiti cha mgonjwa, au labda za geti, hana hakika. Kila Jumamosi mchana mwanamke huyo huzunguka karakana za mji, moja baada ya nyingine, akiuliza kama kuna aliyefunga springi mpya zenye unene wa kidole. Wengine humwonea huruma. Wengine humwambia aende zake, wao wana kazi.