Ozelia Juu ya Mwezi wa Mbao

Jumapili ile ukumbi ulijaa tangu mchana. Wengi walitoka kanisani moja kwa moja, wamevaa kama babu na bibi zao: suti pana, kofia za manyoya, magauni ya miaka ya arobaini yenye harufu ya kabati. Walikula uduvi na uji mzito wa mahindi huku bendi ya Alcide ikipiga jazi ya zamani. Lakini hasa walikuwa wakimngoja mcheza dansi Ozelia Picou ashuke kutoka darini, ameketi juu ya mwezi mwandamo wa mbao, akivua glavu moja, kisha ya pili, kwa madaha, mpaka watu wapige meza.

Aliyeshika kamba ya mwezi huo, iliyopitia boriti ya dari hadi pembeni mwa jukwaa, alikuwa Verlene Dugas. Zamani mwezi ulikuwa wake. Alianguka nao, akavunjika nyonga, na kabla hajatoka hospitali Ozelia akamwendea mwenye ukumbi kuomba nafasi. Tangu hapo Verlene hakumsemesha ila neno moja kabla ya kila onyesho: "Tayari?"

Siku ile hata hilo hakulisema.

Ozelia alianza kushuka. Alikuwa amevua glavu ya kwanza mwezi uliposita, ukatikisika, ukainama upande. Watu wakacheka wakidhani ni mchezo. Vumbi likamwagika mapajani pake. Akatazama chini: sakafu ilikuwa mbali, kama kimo cha watu wawili na nusu. Akatazama pembeni, akamwona Verlene amejifunga kamba kiunoni, meno ameyakaza, anamkodolea macho.

Leo ananimaliza, Ozelia akawaza.

Vazi lililombana kiuno halikumpa nafasi ya kuvuta pumzi, na jasho likamfanya ateleze kwenye rangi ya mwezi. Mwezi ukainama tena. Unyoya mmoja ukamponyoka kichwani, ukaenda taratibu mpaka kwenye sahani ya mtu. Hapo kicheko kikafa.

"Alcide!" Verlene alifoka. "Acha hiyo piano! Ng'oeni pazia mlitandaze mbele, wote mlishike!"

Muziki ukakatika. Wanabendi wakalivuta pazia la mahameli likaanguka na fimbo yake.

"Ozelia! Ruka!"

"Nishushe!"

"Siwezi. Boriti imeliwa na mchwa, nikigusa kamba tu inakuja. Ruka mbele!"

"Unataka nife, Verlene! Nakujua!"

"Ningetaka ufe, shoga, ningeachia kamba nikaenda kuvuta sigara!"

Juu ya kichwa chake Ozelia akasikia mti ukilia, mlio mwembamba kama wa paka. Akaukumbatia mwezi kwa mikono na miguu. Mwili wote ulikuwa ukitetemeka, na mtetemeko wenyewe uliutikisa mwezi, naye akajua hivyo asiweze kuuzuia.

"Nisikilize," Verlene akasema, sasa kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. "Mimi niliung'ang'ania hivyohivyo. Ningeruka ningetembea leo kama watu. Achia, mama. Achia."

Ozelia akafumba macho, akaachia.

Pazia lilimpokea vibaya, likapasuka, kisigino chake kikampiga mpiga tarumbeta mdomoni. Nyuma yake boriti ikashuka na mwezi wake. Kishindo kilipotulia, vumbi limemjaa kinywani, alitambaa akiita, "Verlene! Verlene!" Hakujibiwa. Hapo hofu ilimrudia maradufu, mbaya kuliko ile ya juu.

Alimkuta ukutani, ameketi, viganja vimechunika ngozi hadi nyama nyekundu. Kamba ilikuwa imemburuta, ikamwacha hatua chache kutoka boriti ilipolala.

"Umeumia wapi?"

"Mikono. Usinishike, inauma."

Ozelia akalia kama mtoto, wanja unamtiririka hadi shingoni. "Nisamehe."

"Kwa lipi? Kwa leo, au kwa lile?"

"Kwa lile."

"Lile bado," Verlene akasema. "Niletee maji kwanza."

Ukumbi ulifungwa hadi boriti mpya zilipowekwa. Ozelia amerudi kucheza, ila sakafuni tu, na mapepeo ya manyoya ya mbuni. Waliokaa meza za mbele husema ana namna ya kupendeza ya kutazama juu kila wimbo unapobadilika. Hawajui kwamba anasikiliza mbao.