Matundu ya Banda la Hilkka

Siku ya tatu ya ile baridi kali, Marjut aliziba matundu mawili ya hewa ya banda la kuku, na usiku huo akalala usingizi mzuri. Aliyaziba kwa soksi kuukuu za sufu, akazisindilia kwa mpini wa ufagio, kisha akaacha ndani ndoo ya maji ya moto ili mvuke wake uwapashe kuku. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Nani angeacha tundu wazi kwenye baridi kama hiyo? Katika kila nyumba aliyowahi kuishi, Oktoba ilikuwa mwezi wa kubandika karatasi kwenye nyufa za madirisha.

Kuku walikuwa wa mama mkwe wake, Hilkka, aliyekuwa amelazwa hospitali ya mji wa Kajaani kubadilishwa nyonga. Walikuwa mitetea tisa na jogoo mmoja, na hawakuwa kuku wa kununua. Mama yake Hilkka ndiye aliyetoka na kuku wa kwanza wa ukoo huo huko Karelia wakati wa vita, akiwapakata ndani ya kikapu, huku nyumba, ng'ombe na shamba vikibaki nyuma. Septemba mbweha alikuwa amemla jogoo mmoja. Aliyebaki ni Rovasti, aliyepewa jina hilo, ambalo ni cheo cha mchungaji mkuu wa kanisa, kwa ajili ya ule mwendo wake wa kifua mbele. Bila yeye, masika yangekuja bila vifaranga na ukoo ungeishia hapo.

"Nakuachia," Hilkka alisema tu alipokuwa akiingia kwenye teksi.

Marjut alikuwa na maswali tele. Hakuuliza hata moja. Tangu aolewe miaka miwili iliyopita, hakuwahi kumuuliza mama mkwe jambo moja mara mbili. Mumewe naye alikuwa mgodini, angerudi baada ya wiki mbili.

Basi kesho yake, Jumamosi, kulipopambazuka saa nne asubuhi, maana majira hayo jua huchelewa kuchomoza na huwahi kuzama, alivaa buti akaenda kufungua banda. Kabla ya kuona chochote, harufu ilimchoma pua na macho yakamtoka machozi. Dari lilikuwa linadondosha maji. Kuta zilikuwa nyeupe kwa jalidi iliyoota kama manyoya. Migongo ya mitetea ilikuwa na unyevu, manyoya yamegandamana. Rovasti alisimama pembeni amezamisha kichwa kifuani. Ncha za kilemba chake zilikuwa nyeupe kama nta ya mshumaa.

"Rovasti," alimwita. "Njoo, baba."

Akammegea mkate mweusi wa rai, ule anaoupigania kila siku. Jogoo hakuutazama.

Baridi imepenya, Marjut aliwaza. Kuna ufa mahali. Akakimbia ndani, akarudi na blanketi, nyundo na misumari, akaanza kuupigilia mlango.

Hapo ndipo Mzee Oiva alipotokea, taulo shingoni. Jirani huyu alikuwa akioga kwenye sauna ya Hilkka, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke, kila Jumamosi tangu ya kwake iungue miaka thelathini iliyopita, na kulazwa kwa Hilkka hakukuwa kwake sababu ya kukaa mchafu.

"Eh, bibi mwenye nyumba! Leo unalivisha banda koti?"

"Kuku wanakufa kwa baridi, Mzee Oiva."

Mzee akaingiza kichwa ndani, akakitoa upesi. "Lo! Baridi gani? Humo ni choo cha kambi ya jeshi. Nani kaziba matundu?"

"Mimi."

"Na hii ndoo?"

"Mimi pia."

"Basi umewapigisha sauna, mwanangu. Tofauti ni kwamba mimi nikitoka sauna najifuta. Hawa wangejifutia nini?"

Marjut hakucheka. Mzee akaona, akalegeza sauti.

"Sikiliza. Kuku mkavu amevaa koti lake. Pumzi zao zina maji, vinyesi vina maji, na wewe ukaongeza ndoo. Maji hayana pa kutokea, yanawagandia mwilini. Zibua."

"Kwenye nyuzi thelathini na nane? Wakifa nitamwambia nini Mama?"

"Na wakifa humo ndani ya mvuke, utamwambia nini?"

Alisimama na nyundo yake mkononi. Alimtazama Rovasti, akatazama dari linalodondosha. Kisha akapanda kwenye kasha na kuzivuta soksi mwenyewe. Zilikuwa ngumu kama kuni, zimejaa barafu. Ya pili ilipochomoka, mvuke ulitoka tunduni kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi siku nzima.

Rovasti walimfunga kwenye taulo la mzee, wakamkimbiza kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna. Marjut akaanza kumpangusa kilemba.

"Usimsugue! Na usimsogeze karibu na jiko la moto. Mweke hapo benchini, apate joto kidogo kidogo." Mzee akajikuna kichwa. "Sasa mimi nitavulia wapi?"

"Humu humu," Marjut alisema, na uso ukamwiva. "Lakini geukia ukutani. Yeye ni mchungaji."

Oiva alicheka mpaka akashika mlango.

Marjut alirudi bandani. Alizoa majani yote yaliyolowa, akamwaga makavu hadi magotini, akapangusa fito za kulalia, akatoa ndoo. Mikono ilikufa ganzi. Mitetea ilianza kuchakura.

Saa nane simu ikalia. Hilkka hupiga saa nane, na hazungumzi zaidi ya dakika moja.

"Kuku?"

Neno "wazima" lilimfika Marjut ulimini, tayari kabisa kutoka. Akalimeza.

"Mama, niliziba matundu. Na nikaweka ndoo ya maji ya moto. Mitetea wanakula, lakini kilemba cha Rovasti kimeganda. Yuko sauna na Mzee Oiva."

Ikasikika sauti kama ya kikohozi, na baada yake, "Ai, nyonga yangu! Usinichekeshe, wamenishona juzi!"

"Mama, sifanyi mzaha."

"Najua. Ncha zitakauka na kudondoka. Atakuwa na sura mbaya, basi. Kazi yake ya masika haihitaji kilemba." Hilkka akavuta pumzi. "Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani utaona sijui kitu."

"Nami nilidhani unajua kila kitu, maana umesoma. Haya, uliza."

Marjut akavua glavu, akakaa juu ya kasha, akauliza. Aliuliza kuhusu maji na mayai, kuhusu mbweha, kuhusu yule mtetea mweusi anayewadonoa wenzake. Mwishoni akauliza hata mambo ya mumewe. Simu ilipoisha chaji, jua lilikuwa limeshazama.

Kutoka sauna kelele ikapaa.

"Marjut! Mwondoe huyu mtu! Kala nusu ya soseji yangu!"

Alikimbia kwenye theluji akicheka na kulia kwa pamoja. Rovasti alikuwa amesimama juu ya suruali ya Oiva, kilemba kimevimba na kupiga wekundu, ngozi ya soseji ikimning'inia mdomoni.

Jumapili kipimajoto kilishuka hadi arobaini. Marjut aliingia bandani akitembea kwa ncha za vidole, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Hewa ilikuwa kali na safi. Akapitisha kiganja ukutani: kikavu. Juu ya ufito walijipanga wote kumi, pamoja na Rovasti aliyerudishwa jioni, wamejitunisha hata shingo hazionekani. Akavua glavu, akaingiza vidole chini ya manyoya ya mtetea wa karibu. Ndani kulikuwa na joto kama la mkate uliotoka sasa hivi tanurini, naye akaacha mkono wake humo, hana haraka ya kuutoa.