Visu Vitano vya Kwenda Idjwi

Cyprien alikuwa mwandishi wa ripoti katika shirika moja la misaada lenye ofisi Muhumba, mjini Bukavu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameandika kurasa nyingi juu ya vijiji ambamo hakuwahi kulala hata siku moja, na aliandika vizuri. Wakubwa wake wa Ulaya walisema kwamba wakimsoma wanasikia hadi harufu ya moshi wa kuni. Yeye mwenyewe nyumbani alikuwa na jiko la gesi.

Alipofikisha miaka arobaini na saba, pori lilimwita. Lilimwita kwa njia ya simu. Jumapili moja baada ya misa aliona video ya mzungu mwenye ndevu aliyekwenda kulala msituni kwa hiari yake, akachonga kijiko cha mti, akala nacho maharagwe ya kopo, akajilaza juu ya majani. Cyprien aliitazama mara tatu, kisha akamwita mke wake aje aone.

Laurette alikuja na kitambaa cha jikoni begani.

"Huyu mutu hana nyumba?" aliuliza.

"Eko nayo, mama Charlène. Anafanya vile ju anapenda."

"Miye nililala mu pori miezi tatu, wakati wa vita," Laurette alisema. "Sikujua kama tulikuwa tunajifurahisha."

Akarudi kutwanga sombe yake ya majani ya muhogo.

Lakini Cyprien alikuwa ameshapotea. Ndani ya mwezi mmoja alikusanya wanaume wanne wa rika lake, akiwemo Hugues mwenye duka la dawa, wakaanzisha klabu iliyoitwa Marafiki wa Pori. Ilikuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina na mshauri, na kwa kuwa walikuwa watano, hakuna aliyebaki bila cheo. Walikubaliana safari ya kwanza iwe Idjwi, kisiwa kilichoko ziwani: usiku mbili katika hema, mlimani, bila jenereta. Walikubaliana pia kwamba kila mwanachama awe na kisu cha porini, si kile cha kukunja kinachokaa mfukoni, bali kisu imara chenye ubapa usiokunjwa, kinachovaliwa kiunoni ndani ya ala yake. Wazungu wote wa kwenye video walikuwa nacho.

Hugues alipata chake haraka. Shemeji yake aliyeko Brussels alimletea. Kuanzia siku hiyo alikuja kwenye mikutano akiwa nacho kiunoni, hata mkutano ulipofanyika kwenye ukumbi wa parokia.

Cyprien hakuweza kununua kisu ovyo ovyo. Alifungua kompyuta ya ofisi akachora jedwali. Upande wa kushoto aliandika vigezo kumi na vinne: urefu wa ubapa, unene wa mgongo wake, aina ya chuma, kama chuma kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho, kama mpini unateleza ukiloa, na vingine. Kila kigezo kilikuwa na alama zake. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akazunguka mjini kuomba proforma tatu za bei kutoka kwa wauzaji watatu tofauti, zenye sahihi na muhuri.

Wa tatu alikuwa Nafisa, mwanamke wa ukoo wa wafanyabiashara kutoka Uvira, mwenye duka la vyuma karibu na soko la Kadutu. Alikuwa akiuza misumari, makufuli, majembe, mapanga na visu vya kila namna, na alikuwa na subira ya mtu aliyezaliwa dukani. Alimwekea Cyprien visu sita mezani.

Cyprien alianza kuvipima. Alinyoa navyo nywele za mkono. Alikata karatasi. Aliweka kimoja juu ya kidole kuona kama kinasimama sawa bila kuanguka, na kilianguka.

"Hiki iko inox?" aliuliza.

"Hiki iko inox, haishike kutu," Nafisa alisema. "Hiki kingine kinashika kutu kama haupanguse, lakini kinanoleka vizuri, hata kwa jiwe la mutoni. Papa, weye unataka kukata nini?"

Cyprien alipekua karatasi ya jedwali aliyoichapa. Katika vigezo vyote kumi na vinne, hicho hakikuwemo.

"Kila kitu," alisema mwishowe.

"Kila kitu, basi beba panga."

"Panga ni ya bakulima, maman."

Nafisa alimtazama, akatazama viatu vyake, halafu akainama chini ya meza na kutoa kisanduku. Ndani yake mlikuwa na kisu cheusi, kirefu kama mkono wa mtoto, chenye meno ya msumeno mgongoni na dira ndogo mwishoni mwa mpini. Kilikuwa kimekaa pale miaka mitatu bila mnunuzi.

"Hiki ni ya makomando," alisema bila kutabasamu.

Cyprien alikijaza katika jedwali lake palepale. Hakikufika hata nusu ya alama, kwa maana mpini ulikuwa mtupu ndani na dira ilionyesha kaskazini mahali ambapo watu wote wa Kadutu wanajua kuna Walungu, yaani kusini-magharibi. Akaongeza kigezo cha kumi na tano, muonekano, akakipa alama arobaini, na kisu kikashinda.

Safari iliondoka Ijumaa asubuhi. Boti ilikuwa ya mbao, yenye mota moja nyuma, na dereva wake aliitwa Almasi, mtu mfupi aliyeongea kidogo. Mbali na Marafiki wa Pori, mlikuwa na akina mama wanaorudi kisiwani na mabeseni yao matupu baada ya kuuza mananasi mjini. Walitazama wanaume watano waliovaa kofia za kijani na visu viunoni, wakaulizana kwa Kihavu kama hao ni wanajeshi wa aina mpya.

Mambo yaliharibika karibu na kisiwa, pale ambapo wavuvi hutega nyavu za tilapia. Upepo ulikuwa umevuta vielea vya wavu mmoja, Almasi hakuviona, na mota ikaumeza wavu. Ilikohoa, ikazima. Boti ikaanza kusukumwa taratibu kuelekea kwenye mawe.

"Hakuna shida," Almasi alisema. Aliinua mota kutoka majini, na wavu ulikuwa umeviringika kwenye pangaboi la mota kama uzi kwenye kidole. "Tutaufungua. Dakika kumi. Mutu moja anisaidie tu kushika."

Lakini watu watano wenye visu vitano walikuwa wameisubiri dakika hii maisha yao yote.

"Tukate!" alisema Hugues akasimama, boti ikayumba, akina mama wakapiga kelele. Akashika mpini wa kisu chake, halafu akasita. "Lakini chuma yangu si ya maji. Shemeji alisema kisiloane."

Katibu akasema chake ni cha kupasulia kuni, si cha kukatia kamba. Mweka hazina alivuta chake, lakini ala ilikuwa na vifungo viwili na hakukumbuka kipi hufunguliwa kwanza. Mshauri alishauri wapige kura. Mawe yalikuwa bado mbali, kama mita mia, na Almasi alikuwa ameshafungua robo ya wavu kwa vidole vyake.

Kutoka ufukweni mtumbwi ulikuwa unakuja mbio. Mvuvi aliyekuwemo alipiga kasia kwa nguvu huku akipaza sauti:

"Musikate! Musikate! Wavu ni yangu!"

Cyprien aliisikia sauti, na hilo alilikiri baadaye kwa mke wake. Lakini miaka kumi na tisa ya kuandika juu ya watu wengine ilikuwa imempanda kichwani. Alichomoa kisu cha makomando. Jua lilikipiga, na mama mmoja akajifunika uso kwa beseni. Cyprien aliinama nyuma ya boti.

"Papa, acha!" alisema Almasi.

Kisu kilikata. Haki yake kipewe: kilikuwa kikali. Kilikata wavu mara moja kutoka juu hadi chini, na kwa nguvu ileile kikakata mpira unaoleta petroli kwenye mota. Petroli ikamwagika juu ya maji, ikatandaza rangi nzuri za upinde wa mvua.

Almasi aliubana mpira kwa vidole viwili.

"Sasa iko shida," alisema Almasi.

Mvuvi alifika. Jina lake lilikuwa Gentil, kijana wa miaka thelathini hivi, na hakumtukana mtu. Aliokota kipande kimoja cha wavu, akaokota cha pili, akavitazama kama mtu anayetazama shati lililoungua pasi. Wavu huo, alieleza, aliununua baada ya kuuza mbuzi wake wote. Kisha akafunga kamba kwenye boti, akaita mitumbwi mingine miwili, wakaivuta hadi ufukweni kwa makasia. Akina mama waliimba njiani. Cyprien hakuelewa maneno ya wimbo, ila kila waliposema neno fulani walimtazama yeye na kucheka.

Ufukweni Gentil alitandaza gunia.

"Bisu yote hapa," alisema. "Vitabaki kwangu mupaka mutaleta wavu."

Hugues alitaka kubisha, akaona watu wamesimama kimya nyuma ya Gentil, akavua ala yake. Visu vitano vikalala kwenye gunia. Cha Cyprien kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Walilala usiku mbili mlimani kama walivyopanga. Bila visu hawakuweza kukata kamba za hema wala kufungua makopo ya sadini, maana hakuna aliyekumbuka kopo hufunguliwa na nini. Jioni zote mbili mke wa Gentil, mwanamke aitwaye Christine, aliwapelekea viazi vitamu na sambaza za kukaanga, samaki wadogo wa ziwani. Mtu mzima hula sambaza nzima na kichwa chake, kwa hiyo hawakukosa kisu. Cyprien alikula akiwa ameinamisha uso. Aliona haya kweli, na alimwahidi Christine, mkono ukiwa kifuani, kwamba wavu mpya utafika kabla ya mwezi kwisha.

Na aliporudi Bukavu alikusudia hivyo. Lakini Jumatatu ofisini mkuu wake alimuuliza wikendi ilikuwaje, naye akajikuta anaandika. Kalamu ya mtu aliyezoea ripoti haijui kusimama. Aliandika kwamba timu ya watu watano ilifika katika maeneo magumu kufikika ya Idjwi. Aliandika kwamba kulitokea tatizo dogo la kiufundi, lililotatuliwa kwa ushirikiano na jamii. Na alipofika kwenye visu, vidole vyake vikatafuta neno, vikalipata: timu iliwakabidhi wavuvi zana tano za kisasa za kukatia. Walengwa: watano.

Laurette aliisoma ripoti hiyo jioni, akiwa amesimama.

"Papa Charlène. Walikunyang'anya, weye unaandika ulibapatia?"

"Ni lugha ya kazi."

"Na wavu?"

"Inakuja," alisema Cyprien.

Ulaya walifurahi sana. Baada ya wiki nane lilikuja jibu kwamba mradi wa majaribio umeonyesha matokeo, na kwamba wako tayari kugharamia awamu ya pili: visu mia mbili kwa wavuvi mia mbili, pamoja na mafunzo ya siku tatu ya jinsi ya kuvichagua. Cyprien aliteuliwa kuwa mratibu. Alipewa gari.

Wiki hiyohiyo simu ililia. Alikuwa Gentil, amepata namba kwa Almasi.

"Papa, miezi mbili imepita. Wavu yangu?"

Cyprien alifunga mlango. Akarudi kukaa. Akaeleza kwa upole kwamba habari ni nzuri kuliko wavu: mradi mzima unakuja kisiwani. Bahati mbaya nyavu hazimo katika bajeti. Bajeti ni ya visu, na bajeti ikishasainiwa haiguswi.

"Bisu ngapi?"

"Mia mbili."

Gentil aliirudia namba hiyo taratibu. Nyuma yake mawimbi madogo yalikuwa yanapiga mawe.

"Papa," alisema, "bisu mia mbili ya nini? Huku kwetu hakuna vita."

Akakata simu. Cyprien alikaa ameishika, akiwa na aibu ambayo hakujua aiweke wapi. Kisha akayarudia maneno yale kichwani, akaona ni maneno mazuri, mafupi, yametoka kwa mlengwa mwenyewe. Akafungua kompyuta, akatafuta sehemu ya matokeo, akaandika: *Tangu mradi uanze, wavuvi wenyewe wanathibitisha kwamba kisiwani hakuna vita.*