Walicheza Chini ya Mkunazi

Mumbua alikuwa ameilinda bustani ile kwa miaka mitatu, na kazi yake kubwa ilikuwa kurudisha watu. Siku za familia, mwanamume asiyefuatana na mke wala mtoto hakuruhusiwa kupita langoni. Basi aliwarudisha Wanepali, akawarudisha Waganda, na Jumamosi moja akamrudisha hata Reuben wa kwao Kitui, ambaye walikuwa wakisali kanisa moja huko Mesaimeer, jijini Doha. Reuben alitaka tu kukaa kwenye nyasi apige simu nyumbani. Hakubishana. Alimtazama, akaenda zake, na tangu siku hiyo kanisani akawa anakaa safu za nyuma.

Ukali huo wa lango ndio uliomtoa Shilan nyumbani.

Shilan alikuwa Mkurdi wa Qamishli, kaskazini mwa Syria, mke wa mhandisi. Alikuwa Doha mwaka wa nne, na mji aliujua kupitia kioo cha gari la mumewe: shule ya binti yao Lorin, duka la vyakula, kisha fleti, ghorofa ya tano. Mumewe alikuja kwanza mwenyewe kuikagua bustani. Alipoona mlinzi ni mwanamke, akamuuliza kama huwapo kila asubuhi.

"Kila asubuhi isipokuwa Ijumaa," Mumbua akamjibu.

Kesho yake Shilan akaja. Akakaa benchi lililo karibu kabisa na kibanda cha walinzi, mkoba kaukumbatia kifuani kama abiria anayeogopa kuibiwa. Wiki iliyofuata akasogea benchi la pili. Baada ya miezi mitatu alikuwa amefika kwenye mkunazi katikati ya bustani, amevua viatu, nyayo zake ziko kwenye nyasi.

Alikuwa akija na chupa ya chai nyeusi na bilauri mbili ndogo. Kiarabu cha Mumbua kilikuwa cha kuokoteza langoni, na Kiingereza cha Shilan kilikuwa cha vitabu vya shule, lakini walielewana. Mumbua alimwita Mama Lorin, kama ambavyo angemwita jirani yeyote huko kwao, na Shilan alipoelezwa maana yake alifurahi. Alisema hapa watu humwita mke wa mhandisi.

Polepole akapata wenzake. Mmoja alimsikia dukani akimkemea mtoto kwa Kikurdi, akamfuata hadi kwenye mboga. Mwingine, Perwin, alitoka Sulaymaniyah, upande wa Iraq, na Kikurdi chake kilikuwa cha namna nyingine, hata nusu ya maneno wakawa wanakisia na kucheka. Walifika saba. Akina mama wa benchi jingine waliwauliza kama wao ni Waturuki. Shilan akasema hapana, ni Wakurdi. Yule aliyeuliza akasema, "Ni mamoja," akageukia simu yake.

Mwezi wa tatu, siku ya ishirini na moja, ambayo kwao ni mwaka mpya, walikuja wamevaa magauni marefu yanayong'aa chini ya mabaibui yao. Shilan alimfuata Mumbua langoni.

"Tunaweza kucheza kidogo? Dakika kumi. Wanawake tu."

Mumbua aliangalia huku na huku. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, bustani karibu tupu.

"Chezeni, Mama Lorin. Ila msiweke muziki."

Wakavua mabaibui, wakashikana vidole, bega kwa bega, wakaanza kwenda mstari mmoja, hatua mbele, hatua nyuma. Perwin aliimba kwa sauti ya chini. Shilan alikuwa mbele akipunga leso yenye rangi za Wakurdi, nyekundu, kijani na njano. Mumbua aliwatazama akiwa langoni, akatamani wamwite. Hakumwona mtu aliyesimama njiani na simu mkononi.

Siku mbili baadaye supavaiza wake, Kioko, alimwita ofisini, akamsemesha Kikamba, lugha aliyoitumia akiwa na jambo zito.

"Kuna malalamiko. Wanasema palikuwa na mkutano, na bendera."

"Ilikuwa leso, Kioko."

"Mimi sikuwapo. Wenye bustani wanauliza kitu kimoja tu: nani aliwaruhusu?"

Mumbua aliinamia kalamu iliyokuwa mezani.

"Mkataba wako unaisha mwezi wa tano," Kioko akaendelea, bila ukali. "Kama waliruhusiwa, aliyewaruhusu ataondoka. Kama hawakuruhusiwa, basi kosa ni lao. Andika ripoti. Wao ni wake za watu, watapewa onyo, yaishe."

Akaandika sentensi tano. Nne zilikuwa kweli. Ya tano ilisema: Niliwakataza mara mbili, wakakaidi. Akaweka jina la Shilan, kwa kuwa ndilo pekee alilolijua kamili, na namba ya gari la mumewe.

Hawakurudi tena. Mumbua alijiambia ni joto, kisha akajiambia ni likizo ya shule. Mwezi wa tano mkataba ukaongezwa miaka miwili.

Walionana mwezi wa sita, katika duka kubwa la Al Wakrah, siku yake ya mapumziko. Shilan alikuwa peke yake kwenye rafu za mchele. Mumewe na Lorin walikuwa wameshafika kwenye foleni ya kulipia.

"Mama Lorin."

Shilan aligeuka. Hakushtuka wala hakutabasamu.

"Sikudhani wangemfikia mumeo. Walimfikia?" Mumbua akasema.

"Walimwita kazini. Wakamsomea ripoti yako mbele ya mkubwa wake. Jioni akanisomea mimi." Akayasema yale maneno kwa Kiingereza, neno kwa neno: niliwakataza mara mbili, wakakaidi.

"Wangenirudisha Kenya."

"Najua. Ungeniambia, ningesema mwenyewe kwamba tulikukaidi. Ningekubali." Akashusha mfuko wa mchele kwenye toroli. "Lakini mimi nilishamwambia uliruhusu. Sasa yeye anasema nilimdanganya. Tuna miaka kumi na miwili ya ndoa, na ameamini karatasi. Bustani siendi. Kwa Perwin siendi."

"Nitamwambia," Mumbua akasema. "Yuko pale. Nitamwambia sasa hivi."

Shilan alimtazama kwa makini, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo.

"Nenda," akasema.

Mumbua alimtazama yule mwanamume. Alikuwa amembeba Lorin, anamsomea maandishi ya pakiti ya biskuti. Hatua ishirini, labda pungufu. Akawaza: akishajua, atapiga simu kampuni. Atataka kujisafisha mbele ya mkubwa wake, kwa kuwa mimi ndiye niliyemchafua. Akawaza mkataba, miaka miwili. Akabaki palepale kwenye rafu.

Shilan alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko Mumbua alivyostahili, mkono mmoja ukiwa juu ya toroli. Kisha akalisukuma, akaenda kwenye foleni, akasimama nyuma ya mumewe. Lorin alimwona Mumbua, akampungia mkono. Mama yake akamshusha mkono ule taratibu, akampa mkate aushike.

Wiki hiyohiyo Mumbua aliomba abadilishiwe lindo. Kioko alipomuuliza sababu, alisema ni jua. Akapelekwa kwenye jengo moja la ofisi huko Umm Salal, ambako watu huonyesha kadi na kupita.