Pahala pa Mshono

Kuna watu hushinda Darajani mchana kutwa wakichagua kanga, mwisho wakarudi nyumbani mikono mitupu. Rahila hakuwa mtu wa namna hiyo. Yeye ni fundi cherehani wa Mkunazini, kitambaa akikitia jichoni mara moja tu keshajua mkasi upite wapi. Lakini wiki ile mkasi ulikuwa wa mtu mwengine na kitambaa ni yeye mwenyewe, na hapo ufundi wote ulimkimbia.

Shida yenyewe ilikuwa ya zamani. Tangu alipovunja ungo, ziwa lake la kulia lilikua likajaa kama maziwa ya wenziwe. La kushoto lilichungulia tu, likayaona mambo ya dunia, likaamua kubaki hapo hapo lilipo. Miaka yote hiyo Rahila alijazia upande wa kushoto kwa kimto cha pamba alichokishona mwenyewe, kazi safi kabisa, na mtaani hapakuwa na aliyeshuku. Mume wake wa kwanza alijua, ni kweli, lakini yule alishahamia Maskati zamani na huko ana mambo yake.

Sasa Rahila alikuwa anaolewa tena, na Suhail, fundi wa mashine za boti wa Mkokotoni, mwanamume mpole ambaye ndiyo kwanza aoe. Rahila alimweleza kila kitu kwa simu, huku amejifunika shuka uso mzima kama vile mwenzake anamwona. Suhail akasema yeye hajapata kuona mashine mbili za boti moja zikalingana, na boti zinakwenda. Rahila alicheka, akampenda zaidi, na nia yake ya kwenda kwa daktari akajaziwe ziwa la kushoto haikubadilika. Alitaka ajitazame kiooni kwa ajili yake mwenyewe, basi. Pesa za kazi hiyo alizitoa kwenye magauni ya maharusi wa watu, na hakuna aliyekuwa na la kusema juu yake.

Daktari Yusra, anayevuka kutoka Dar kila mwezi kuja kutazama wagonjwa, alimpima, akamwonyesha kifuko cha silikoni kilicholala kiganjani mwake kama kipande cha faluda iliyoganda, akamweleza njia tatu za kukipitisha. Ya kwanza ni chini ya ziwa, kwenye mkunjo, njia fupi na daktari anaona vizuri anachokifanya. Ya pili ni kuzunguka ukingo wa chuchu, ambako kovu hupotea, ingawa huenda likaleta tabu siku ya kunyonyesha. Ya tatu ni kwapani. Huko kifua hakiguswi na mshono hata mmoja, ila njia ni ndefu. Na popote patakapokatwa, pasisuguliwe mpaka miezi mitatu ipite. Akachague, alimwambia, Jumatatu amletee jibu. Kisha akamuuliza ni nani hasa anayetaka kumficha kovu, mume?

Mume! Laiti angekuwa mume. Rahila alikuwa anamwogopa Bi Salhiya.

Bi Salhiya ndiye somo yake, aliyemfunda kwenye harusi ya kwanza na atakayemfungia ndani siku saba kwenye hii ya pili, amsinge kwa singo ya karafuu na mawaridi, amsugue kuanzia shingoni mpaka kisiginoni. Wengine harusi ya pili huifanya kimya kimya, lakini mama yake Suhail alikuwa anaoza mwanawe wa pekee, na alitaka kila kitu kitimie. Mikono ya Bi Salhiya haina mfano mjini. Mdomo wake nao hauna mfano. Yeye ndiye aliyewajulisha walimwengu nani alinunua biriani hotelini akasema kapika mwenyewe, na nani mumewe anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Bi Salhiya akilijua jambo asubuhi, adhuhuri limefika Michenzani, na wala halikupanda gari.

Basi Rahila akawa kila pahala anapopafikiria anapapitisha kwanza kwenye mikono ya Bi Salhiya. Kwapani? Ndipo anapoanzia hapo, na sukari yake aliyoipika kwa ndimu, ananyofoa nywele moja moja huku pua iko pale pale. Chini ya ziwa? Hapo husugua mara mbili, anasema ndipo jasho linapojificha. Ukingo wa chuchu ulibaki, lakini hapo palikuwa na riziki ya mtoto, Mungu akijaalia, na Rahila hakutaka kuichezea. Ilifika hadi akawaza kama daktari hawezi kupitia kwenye unyayo. Halafu akakumbuka kwamba unyayo nao unasingwa.

Jumamosi baada ya alasiri alichukua sahani ya visheti akenda kwa Bi Salhiya mwenyewe, ajaribu kulipunguza jambo kwa ujanja. Alimkuta barazani mwa ua wa ndani, anachambua mawaridi makavu. Akamwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, akaanza kuzunguka. Yeye si kijana tena, alisema, na harusi ni ya pili, kwa hiyo singo ya mikono na miguu inatosha, na makwapa atajitengeneza mwenyewe. Bi Salhiya aliweka ungo chini. Akamuuliza kama anaumwa. Haumwi. Ana mimba? Rahila akasema astaghfirullah. Bi Salhiya hakuuliza la tatu, alimtazama tu, na ukitazamwa na mtu aliyekufunda utasema hata usiyoyajua. Rahila akasema yote: daktari, kifuko, mkunjo, chuchu, kwapa, Jumatatu. Akamwambia na kwamba alikuwa anatafuta pahala ambapo yeye asingepaona.

Bi Salhiya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Kwa hivyo umekaa wiki nzima unatafuta pa kuficha mshono," alisema. "Na ziwa lenyewe ulitaka kulificha wapi? Mie nshakusinga, mwari wangu. Nikuvue kanga nikute yote mawili sawasawa, niseme limeota kwa mvua za vuli?"

Rahila alijitazama kifuani. Fundi mzima, mpima viuno vya mji, alisahau kwamba vipimo vyake vya zamani viko kichwani mwa mtu. Halafu kikamjia kitu chengine, pole pole. Bi Salhiya alikuwa anajua tangu harusi ya kwanza. Rahila aliipekua miaka yote hiyo akilini mwake, kama pana siku alipigwa kijembe harusini, kama pana jicho lililomshukia kifuani likakaa, na hakuona hata moja. Aibu ikamshika, na hii ilikuwa aibu ya namna nyengine.

"Hukumwambia mtu," alisema. "Pilau langu lilipoungua ulilitangaza mpaka Matemwe."

"Pilau lako nimelikuta ukumbini, mbele za watu. La ukumbini nnalisema, sina dhambi. Wewe nimekukuta chumbani."

Kisha akamuuliza daktari kasemaje juu ya kusuguliwa. Rahila alipomjibu kuwa ni miezi mitatu, na harusi ni baada ya miwili, Bi Salhiya alikasirika kweli. Alitaka kujua kama mtoto huyu alikusudia kunyamaza tu asuguliwe juu ya kidonda. Rahila akakiri kuwa alikusudia kukaza meno. Bi Salhiya akasema mkono wake haujapata kumliza mwari, na hautaanza kwa mpumbavu mmoja wa Mkunazini. Akate chini ya ziwa, daktari aone anachokifanya, na mengine amwachie yeye.

Jumatatu Rahila alipeleka jibu lake, akapita Darajani kununua samaki, changu. Hapo akakutana na Borafya, jirani yake, aliyemshika mkono kwa huruma. Alikuwa hajasikia? Bi Salhiya magoti yamemvimba, hawezi kuchutama kumsinga mtu kwa muda mrefu. Mwenyewe kautangazia mji mzima tangu jana kwamba ni uzee, amekwisha, na kwa mama yake Suhail kapeleka salamu kuomba harusi isogezwe mbele miezi miwili. Bibi yule kakubali, kwa sababu somo mwengine hamtaki.

Jana hiyo hiyo Rahila alimwona Bi Salhiya kwa macho yake akipanda ngazi za ghorofa ya pili bila kushika ukuta. Alitaka kucheka, yakamtoka machozi pale pale mbele ya meza ya samaki.

"Usilie, mwaya," Borafya alimwambia. "Magoti yatapona, harusi utaiona."

Rahila alijifuta kwa ncha ya mtandio, akamwambia muuzaji amwongezee changu mmoja mkubwa, wa kumpelekea mgonjwa.