Chaneli ya Tisa

Tauqir alijaliwa masikio mazuri na kichwa kigumu, na kichwa ndicho kilichomponza. Alifika kutoka Lahore Jumanne asubuhi, gari limejaa maboksi, akayashusha uani kwenye kaburi la walii, pale ambapo ukoo wake umeimba kawali, zile nyimbo za kumsifu Mungu na mawalii, tangu enzi za babu wa babu yake. Aliwaletea mashine ya kurekodi ya chaneli kumi na sita. Kila mtu na maikrofoni yake, alisema, asimezwe mtu.

Na alikuwa na mtu wake moyoni. Baba yake, mzee Allah Ditta, alikuwa amekaa safu ya nyuma miaka thelathini na minane, akipiga makofi na kuitikia, nyuma ya bega la kulia la kiongozi. Wa mbele huvishwa mashada ya maua, wa nyuma huletewa chai. Jambo hilo lilimkera Tauqir tangu utotoni, na leo aliapa watu watamsikia baba yake.

Alipoisimamisha stendi ya tisa mbele ya mdomo wa mzee, mzee aliikamata ile fimbo ya chuma.

"Mwanangu, sisi wa nyuma ni sauti moja. Tuwekee moja hapo katikati, yatosha."

"Hayo ya zamani, baba. Wewe kaa uimbe."

"Nakuomba."

Sauti yenyewe ilikwaruza. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Huyu msomi wetu wa nyaya akacheka, akawatangazia watu kwamba mzee wake anaona haya kama bibi harusi. Wote wakacheka, isipokuwa Mukhtar, anayekaa bega kwa bega na mzee kila siku. Yeye alijishughulisha na kukunja mikono ya kanzu yake.

Waliimba saa nzima na zaidi. Sharafat, kiongozi wao, mtoto wa kaka wa mzee Allah Ditta, aliimba mpaka shali ikalowa jasho. Tauqir macho yote kwenye mashine. Kijitaa cha chaneli ya tisa kiliruka vizuri, naye moyo ukaruka nacho. Hakufikiria kwamba hata makofi hukirusha.

Walipokuwa wanakunywa chai, Sharafat akataka kusikiliza kazi. Wimbo mzima tu ungemtosha. Lakini Tauqir alishavimba kichwa, akasema atawasikilizisha mmoja mmoja, kwa spika kubwa, hadharani. Wa saba alitoka nje ya sauti, wakamtania. Wa nane alikuwa Mukhtar, na Sharafat akamuuliza kulikoni anapiga kelele kama muuza vitunguu. Mukhtar akanywa chai yake. Mzee Allah Ditta akainuka kutafuta viatu, mwanawe akamwambia aketi, sasa ni zamu yake.

Yakasikika makofi, safi kabisa. Zikasikika pumzi, kisha makofi tena. Mahali pa maneno hapakuwa na kitu. Tauqir, maskini, akadhani waya umelegea, akaongeza sauti, na zile pumzi zikajaa ua mzima.

"Tangu lini, baba mdogo?" Sharafat akauliza.

"Baridi ya mwaka juzi. Koo."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Safu ya nyuma walijua wote. Mzee alifungua mdomo na kuufunga, Mukhtar akaimba ya watu wawili, na hakuna aliyedhurika. Sharafat naye si mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma. Angeyajua faraghani, angenyamaza. Lakini mlinzi wa kaburi alikuwa amekaa pale pale na wageni wake, na mbele ya walii mtu haketi na mdomo wa uongo.

"Ifunge ya tisa," alisema. "Tuusikie wimbo bila yake."

Tauqir akaifunga. Aliomba Mungu uonekane upungufu, wimbo uchechemee, mtu aulize yako wapi yale makofi ya kulia. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, na haukupungukiwa na kitu. Alisikia mwenyewe, kwa masikio yake hayo mazuri.

Mlinzi akatikisa kichwa. Sharafat, akitazama zulia, akasema kuanzia Alhamisi pale nyuma ya bega lake atakaa mdogo wa Mukhtar. Mzee alivaa viatu vyake polepole, akajifunga shali shingoni. Tauqir alimfuata mpaka langoni, waya bado umemning'inia mkononi.

"Baba, wallahi sikujua."

"Nilikuomba, mwanangu," mzee alisema kwa ile sauti iliyobaki. "Mara mbili."